Kati ya Mlimani na Lugalo: Historia ya Kumfunza Ofisa wa Umma

1. Swali lenyewe

Mwananchi anayeishi Sinza, jijini Dar es Salaam, anaishi kati ya vyuo viwili. Akivuka Barabara ya Sam Nujoma kuelekea magharibi, anaupanda mlima wa Chuo Kikuu. Akielekea kaskazini, akapita Mwenge na kuifuata Barabara ya Bagamoyo, anafika kwenye lango la kambi ya Lugalo. Sinza yenyewe ni mji wa juzi. Viwanja vyake viligawiwa katika miaka ya 1970, wakati serikali ilipoanza kupima maeneo, kuyapitishia barabara na maji, kisha kuwaachia wananchi wajijengee nyumba zao. Kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni, na sasa iko katika Wilaya ya Ubungo. Lakini kambi na chuo vilikuwapo kabla ya nyumba hizo, na vina historia ambayo mkazi wa Sinza anayepita kila siku kwenda kazini hana budi kuijua.

Kati ya Januari 1964 na Oktoba 1966, muda usiofika hata miaka mitatu, kambi ile na chuo kile vilitoa makundi mawili ya watu waliofunzwa kwa fedha ya umma, yakasimama mbele ya umma huo huo kudai haki zao. La kwanza lilikuwa na bunduki na la pili lilikuwa na mabango. La kwanza lilikuwa la askari wasiokuwa na elimu kubwa ya darasani, na la pili lilikuwa la vijana waliosoma kuliko wenzao wote nchini. Watu wengi huyasoma matukio haya mawili katika sura mbili tofauti za historia yetu. Makala hii inashikilia kwamba ni sura moja. Yote mawili yanahusu jambo moja, nalo ni jinsi ya kumfunza ofisa.

Neno ofisa tunalitumia hapa kwa maana yake pana, yaani mtu aliyepewa na umma ujuzi, cheo na amri, ili autumikie. Luteni ni ofisa. Bwana shamba, hakimu na mkuu wa idara nao ni maofisa. Swali ni hili: je, inatosha kumpa mtu huyo ujuzi wa kazi yake, au lazima pia afunzwe anamfanyia nani kazi hiyo? Na kama lazima afunzwe, nani amfunze, na kwa njia gani? Taifa letu limelijibu swali hili mara tatu kwa majibu matatu, na kila jibu lilikuwa na gharama yake. Tuyatazame moja baada ya jingine.

2. Urithi wa Keya

Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961 haikuunda jeshi. Ilirithi jeshi. Batalioni ya sita ya Keya, jeshi la wakoloni wa Kiingereza katika Afrika Mashariki, ilibadilishwa jina ikawa Tanganyika Rifles. Baadaye batalioni ya pili ikawekwa Tabora. Kambi ya Dar es Salaam iliendelea kuitwa Colito, jina la mahali Ethiopia ambapo Keya walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Jina la jeshi lilibadilika, bendera ikabadilika, lakini mfumo wa uofisa ulibaki ule ule. Kamanda alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas, Mwingereza, na chini yake maofisa wengi walikuwa Waingereza.

Si kwamba Waafrika hawakujua kazi ya jeshi. Walikuwa wamepigana Burma na Ethiopia. Walijua kulenga shabaha, kusoma nyayo porini, kuongoza doria na kuwanyoosha makuruta. Lakini mkoloni aliugawa ujuzi sehemu mbili. Ujuzi wa kutekeleza ulikuwa wa Mwafrika, na ujuzi wa kuamua ulikuwa wa mzungu. Mwafrika alipanda ngazi mpaka sajenti meja, na hapo dari ikamgusa kichwani. Katika miaka ya 1950, uhuru ulipokuwa unakaribia, Waingereza waliingiza cheo cha Effendi, neno ambalo askari wetu hulitamka "afande". Cheo hicho kilikuwa juu ya sajenti meja na chini ya ofisa. Kilikuwa ni ubao wa kusimamia katikati ya ngazi, ili anayepanda aone amepanda, na anayemiliki dari asisumbuliwe.

Hata lugha ilifuata mgawanyo huo. Kiswahili kilitumika kambini, lakini kilikuwa lugha ya kupokea amri. Kiingereza kilikuwa lugha ya ramani, ya mipango na ya meza ya maofisa. Askari aliyejua Kiswahili peke yake alijua kwamba lugha yake haitamfikisha kwenye meza ile.

Waafrika wachache walipelekwa Sandhurst, Uingereza, karibu na uhuru. Miongoni mwao alikuwa Mirisho Sarakikya. Lakini kufunza ofisa huchukua muda, na mkoloni aliyekaa zaidi ya miaka 40 aliuacha muda huo upite. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Nchi ilikuwa huru, lakini haikuwa na watu waliofunzwa kuliongoza jeshi lake. Uongozi wa nchi ulichagua kungoja maofisa wapya waive polepole. Askari hawakungoja.

3. Januari 1964

Tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ubaguzi katika kuajiri watumishi wa serikali umekwisha, na kwamba raia wote watahesabiwa sawa bila kujali rangi. Kwa kanuni, tangazo hilo lilikuwa sahihi. Raia ni raia. Lakini kwa askari wa Colito, na kwa viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi, lilisikika kana kwamba mlango wa kuwapa Waafrika madaraka unafungwa kabla wao hawajaingia. Siku tano baadaye, tarehe 12 Januari, Mapinduzi yalifanyika Zanzibar. Hewa ya pwani yote ilikuwa ya moto.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari askari wa Colito waliasi. Waliwafungia maofisa wao wa Kiingereza, wakaingia mjini, wakashika sehemu muhimu za jiji. Walidai mambo mawili: mishahara iongezwe, na maofisa Waingereza waondolewe ili Waafrika washike nafasi zao. Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, alikwenda kambini kuzungumza nao. Rais na Makamu wake walifichwa mahali pa usalama. Mjini maduka yaliporwa na watu wakafa. Siku iliyofuata askari wa Tabora nao wakaasi. Huko wakamtaka Kapteni Sarakikya awe kiongozi wao, naye akatumia nafasi hiyo kuwatuliza. Ndani ya juma hilo hilo askari wa Jinja, Uganda, na wa Lanet, Kenya, nao waligoma. Zote zilikuwa kambi za mrithi mmoja, yaani Keya.

Tarehe 25 Januari, kwa ombi la serikali ya Tanganyika, makomando wa Kiingereza walishuka kwa helikopta kando ya Colito. Baada ya muda mfupi maasi yalikuwa yamekwisha, na askari wachache walikuwa wamekufa. Mwalimu hakuificha aibu hiyo. Nchi iliyojitawala ilikuwa imemwita mtawala wake wa zamani aje kuinyang'anya silaha jeshi lake. Mwezi Februari aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakutane Dar es Salaam, na kutokana na mkutano huo askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza hadi jeshi jipya liundwe.

Lazima tuseme kweli juu ya askari wale. Madai yao hayakuwa ya uongo. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na dari waliyoiona ilikuwapo kweli. Anayesema walikuwa wahuni tu hajifunzi lolote. Lakini anayesema walikuwa wanamapinduzi naye anakosea. Walitaka nafasi ya mzungu, hawakuuliza nafasi hiyo ni ya kazi gani. Mafunzo waliyopewa yalikuwa yamewafundisha kwamba cheo ni mali, na kwamba mwenye bunduki huogopwa na asiye nayo. Walipofika mjini waliutendea mji kama walivyofunzwa kuutazama tangu enzi za mkoloni, yaani kama watu wa upande wa pili. Nidhamu yao ilikuwa nidhamu ya gwaride. Ilipokosa mtu wa kuisimamia, haikuwa na mzizi mahali popote.

4. Njia mbili zilizotokana na maasi

Serikali tatu zilizopatwa na msukosuko ule zilichukua hatua tofauti, na tofauti hiyo ina somo kubwa. Uganda iliwakubalia askari madai yao. Mishahara ikapanda, vyeo vikatolewa haraka, na jeshi lile lile likabaki kama lilivyokuwa. Katika jeshi hilo alikuwamo Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka 1946, akafikia Effendi mwaka 1959 na ofisa mwaka 1961. Alipanda haraka baada ya maasi. Tarehe 25 Januari 1971, miaka 7 kamili tangu makomando washuke Colito, aliipindua serikali. Cheo kilibadilisha mikono kutoka kwa mzungu kwenda kwa Mwafrika, lakini maana ya cheo haikubadilika.

Tanganyika ilichukua njia nyingine. Jeshi lote likavunjwa. Vijana wa TANU wakaitwa wajiandikishe. Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limezinduliwa tarehe 10 Julai 1963, likawa mahali pa kupitia kabla ya kushika silaha. Kijana alilima, alijenga, alilala katika hema na wenzake wa makabila yote, ndipo akachaguliwa. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 wapiganaji wa Zanzibar nao wakaingia, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazaliwa. Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali katika nchi ya Wahehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Kambi ilitoka kwenye kumbukumbu ya vita vya mkoloni, ikaingia kwenye kumbukumbu ya vita dhidi ya mkoloni.

Maofisa wa jeshi jipya walifunzwa na wengi. Mwaka 1964 walikuja wakufunzi wachache wa Kichina, na magazeti ya nchi za Magharibi yakapiga kelele. Wajerumani wa Magharibi walianza kutusaidia kuunda kikosi cha anga. Mwanzoni mwa mwaka 1965 waliacha, kwa sababu ya ugomvi wao juu ya Ujerumani ya Mashariki kuwa na ofisi Zanzibar. Wakanada wakaja wakakaa hadi 1970. Wachina wakaendelea. Fundisho la miaka ile lilikuwa wazi: anayekufunzia ofisa wako anaweza kuondoka asubuhi, na akiondoka anaondoka na daftari lake. Kwa hiyo mwaka 1969 mafunzo ya maofisa wanafunzi yakaanzishwa hapa hapa nyumbani, Kurasini, upande wa Temeke. Mwaka 1976 chuo kikahamia Monduli, mkoani Arusha, ambako kipo hadi leo. Kiswahili kikawa lugha ya kutoa amri, na hiyo haikuwa hatua ndogo. Ofisa anayetoa amri kwa lugha ya mama yake askari hawezi kujificha nyuma ya lugha.

5. Oktoba 1966

Sasa turudi upande wa pili wa Sinza. Chuo Kikuu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia mlimani mwaka 1964. Waliosoma pale walikuwa wachache sana, na kila mmoja alijua kwamba ofisi, gari na nyumba vinamngoja. Jeshi lilikuwa limevunjwa na kufunzwa upya. Lakini hakuna aliyekuwa ameuliza kama ugonjwa wa Colito haukuwapo pia mlimani.

Serikali ilipotangaza kwamba wahitimu wa elimu ya juu watakwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwamba katika sehemu kubwa ya muda huo watafanya kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana pamoja na wenzao wa vyuo vingine hadi Ikulu. Bango mojawapo lilidai kwamba wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa ukali. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa serikalini ikapunguzwa pia. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Tuyapime matukio haya mawili kwa mizani moja. Askari wa 1964 walisema mshahara wao ni mdogo mno, na wanafunzi wa 1966 walisema mshahara wao usipunguzwe. Askari walitaka nafasi za wazungu, na wanafunzi walikuwa tayari wanazisubiri nafasi hizo hizo. Tofauti ilikuwa katika silaha. Shule zote mbili, ya kwata na ya vitabu, zilikuwa zimetoa watu wenye ujuzi ambao hawakuambiwa deni lao ni la nani. Kuruta alikula chakula kilicholimwa na mkulima. Mwanafunzi alisoma kwa kodi ya mkulima huyo huyo wa pamba na kahawa. Wote wawili walimwona mkulima kama mtu waliyekwisha mkimbia.

Jibu la taifa nalo lilikuwa moja. Msomi akapelekwa kambini kama askari alivyopelekwa shambani. Miezi mitatu baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likaweka miiko ya viongozi. Mwaka 1971, baada ya mapinduzi ya Amin, Mwongozo wa TANU ukaweka jambo la ulinzi mikononi mwa umma kwa kuanzisha mgambo, na ukakemea ofisa mwenye kiburi anayewaamrisha watu kama mabwana wa zamani. Shabaha ilikuwa kuziunganisha shule mbili kuwa moja, ujuzi na utumishi, kwa askari na kwa karani.

6. Mtihani na gharama

Mtihani mkubwa ulikuja Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera. Jeshi letu lilikuwa dogo, na daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa. Kilichofuata kilionyesha kazi ya miaka 14. Mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa waliingizwa jeshini, na maofisa waliopita Kurasini, Mgulani na Monduli wakawaongoza. Machi 1979 wasaidizi wa Amin kutoka Libya walishindwa Lukaya, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Watoto wawili wa Keya walikutana mpakani. Mmoja alikuwa amebadilishwa jina tu, na mwingine alikuwa amezaliwa upya.

Lakini ushindi wa vita si mtihani mgumu kuliko yote. Mtihani mgumu ulifuata nyumbani. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa miaka ya foleni, ya kukosa sabuni, ya unga wa yanga. Wanamgambo wengi walirudishwa makwao, askari wakarudi kambini, na hazina ilikuwa tupu. Katika nchi nyingi za Afrika hali kama hiyo ndiyo iliyomtoa ofisa kambini na kumpeleka redioni kusoma tangazo la mapinduzi. Hapa jeshi halikutoka. Serikali ya kiraia ilibaki, na mwaka 1985 Rais aliachia madaraka kwa utaratibu.

Hata hivyo historia isiyotaja makosa si historia. Elimu ya siasa haikuwa kinga kamili. Katika kesi ya uhaini ya mwaka 1970 maofisa wa jeshi walikuwa miongoni mwa washitakiwa. Januari 1983 wanajeshi wengine walikamatwa kwa njama ya kuipindua serikali. Tena, mfumo wenyewe ulichanganya mambo mawili. Tangu mwaka 1964 askari aliruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU, na baadaye Chama kilikuwa na matawi na makamisaa ndani ya vikosi. Fikra ya kwamba ofisa ni mtumishi wa umma ilifundishwa pamoja na fikra ya kwamba ofisa ni mwanachama. Wakati kulikuwa na chama kimoja, wengi hawakuona tofauti. Lakini tofauti ilikuwapo. Kadi inaweza kuchukuliwa na mtu anayetafuta cheo. Utumishi hauwezi kuchukuliwa dirishani. Kila mahali ambapo kadi iliwekwa mbele ya ujuzi na mbele ya mwenendo, elimu ya siasa iligeuka kuwa kile kile ilichokusudia kukiua, yaani ngazi ya kupandia.

7. Jibu la tatu

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirudi. Hapo jambo lililofichika miaka 28 likabidi liamuliwe. Katiba, katika ibara ya 147, ilipiga marufuku mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ikamwachia haki yake ya kupiga kura. Matawi yakafungwa na makamisaa wakaondoka. Maofisa waliokuwa na kazi za siasa walitakiwa kuchagua upande mmoja. Jakaya Kikwete alikuwa amefundisha siasa Monduli na kuwa kamisaa wa chuo hicho. Alistaafu jeshi mwaka huo akiwa luteni kanali, akaendelea na siasa za kiraia hadi akawa Rais mwaka 2005.

Hatua ya 1992 ilikuwa ya lazima. Jeshi la chama kimoja haliwezi kulinda nchi ya vyama vingi. Lakini kadi ilipoondolewa kambini, je, na somo la utumishi liliondoka pamoja nayo? Miaka miwili baadaye, 1994, mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yalisimamishwa kwa ukosefu wa fedha. Kwa karibu miaka 20 kijana aliweza kupita shule, chuo na ofisi bila kulala hata usiku mmoja katika hema moja na mwenzake wa mkoa mwingine. Kizazi kizima cha maofisa wa serikali kilipatikana kwa cheti peke yake. Mafunzo hayo yalirudishwa mwaka 2013.

Kwa upande wa ujuzi, hatua zimekuwa kubwa. Monduli imeanza kutoa shahada ya sayansi ya kijeshi. Duluti kuna chuo cha ukamanda na unadhimu. Kunduchi, upande ule ule wa Kinondoni tulipoanzia, Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilifunguliwa mwaka 2012, na humo maofisa wa jeshi na maofisa wa serikali ya kiraia hukaa darasa moja. Hilo ni jambo ambalo vijana wa Colito na vijana wa mlimani hawakulipata. Lakini kukaa darasa moja ni mwanzo tu.

Tukumbuke tukio la Aprili 2021. Vijana zaidi ya 800 wa Jeshi la Kujenga Taifa waliondolewa kambini baada ya kugoma wakidai waajiriwe jeshini, kama walivyoamini wangeajiriwa. Baadaye walisamehewa. Hatulitaji tukio hili ili kuwalaumu vijana. Tunalitaja kwa sababu ni mwangwi wa 1964 na wa 1966. Kijana anayeingia kambini akiwa ameaminishwa kwamba kambi ni mlango wa ajira, atakaa ndani akiutazama mlango. Na mwenye jukumu la kumweleza kambi ni ya nini, na kumweleza kweli mapema juu ya nafasi zilizopo, ni taifa. Manung'uniko yasiyosikilizwa ndiyo yaliyofungua lango la Colito usiku ule. Wajibu wa utumishi haumwondolei mkubwa wajibu wa kumtendea haki mdogo.

8. Yanayotupasa

Kutokana na historia hii tunaweza kutoa mambo manne.

Kwanza, ujuzi ni lazima. Utii kwa umma bila ujuzi haukulindi mpaka wala hauponyi mgonjwa. Nchi isiyofunza maofisa wake mapema hulipia uzembe huo kwa aibu, kama tulivyolipa tarehe 25 Januari 1964.

Pili, ujuzi peke yake hautoshi, na elimu ya juu si kinga. Oktoba 1966 inathibitisha kwamba kitabu kinaweza kumtenga mtu na wenzake sawasawa na bunduki.

Tatu, utumishi haufundishwi kwa hotuba wala kwa kadi. Unafundishwa kwa kazi inayofanywa pamoja na wale utakaowatumikia, na kwa mfano wa mkubwa anayejipunguzia kabla ya kumpunguzia mdogo. Mwaka 1966 wanafunzi waliambiwa wajinyime na mtu aliyejinyima yeye mwenyewe pia. Somo la namna hiyo halina kitabu mbadala.

Nne, utii wa ofisa lazima uwe kwa kitu kikubwa kuliko kundi lolote linaloshika serikali, yaani kwa wananchi na kwa Katiba yao. Tulilijua hili nusu mwaka 1964, tukalijua nusu ya pili mwaka 1992. Kazi iliyobaki ni kuziunganisha nusu hizo mbili ndani ya mtu mmoja.

Ndugu msomaji, asubuhi na mapema pale Mwenge daladala hushusha vijana wa aina mbili. Mmoja ana mkoba wa vitabu, anaelekea mlimani. Mwingine ana buti zilizong'arishwa, anaelekea Lugalo. Wote wawili wamekaa kiti kimoja tangu Sinza Kijiweni, na nauli ya kuwafikisha mbali zaidi ya hapo imelipwa na mtu ambaye hayumo ndani ya gari. Mafunzo yote tunayowapa, ya kwata au ya vitabu, yatahukumiwa kwa jambo moja: kama wakivaa nyota mabegani au wakikalia kiti ofisini, watamkumbuka mtu huyo.